Kondoo wa Maabara

Simu iliponifikia nilikuwa nimeshika kisahani mkononi, na kwa kazi yangu hilo si ajabu, maana nusu ya maisha yangu nimeimaliza nikiwa nimeshika kisahani mkononi. Aliyepiga alikuwa Ekal wa Lodwar, na Ekal hajawahi kuanza simu kwa salamu. "Dada yangu amekwenda," akasema. "Tunazika Jumamosi. Wewe unakuja." Hakuuliza kama nina nafasi, akakata. Nikakiweka kisahani chini, nikavua glavu, nikakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka ambacho vijana wangu wa maabara hukigombania, na nikalia mbele yao bila kujificha. Mmoja akaniuliza kwa upole kama ni mama yangu aliyefariki. Nikamwambia hapana, ni Mama Akiru, aliyekuwa mpishi wa maabara yangu ya kwanza. Nikaona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha, na sikumlaumu, kwa sababu mpishi haliliwi namna ile. Basi haya ninayaandika kwanza kwa ajili ya kijana yule.

Nilifika Lodwar nikiwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha maabara ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Ya nyumbani Kimilili nayaacha huko huko Kimilili. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati, kuta za mawe, paa la mabati, na dirisha moja lililotazama mikoma ya kando ya mto. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kazi. Cha pili kilikuwa jiko, stoo, ofisi ya mkuu wetu na, ikifika saa saba mchana, ukumbi wa chakula. Vijidudu vinavyomsumbua binadamu hupenda joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo kila maabara ina kabati la kuvipasha. Sisi kabati letu tulilivisha magunia yaliyoloweshwa maji, kwa sababu chumba kilikuwa na joto kuliko mtu mwenye homa, na bila magunia yale vijidudu vyetu vingeiva. Kila baada ya saa mbili Mama Akiru alipita na jagi akiyamwagia magunia maji. "Wacha nipatie hao watoto wenu maji," alikuwa akisema, "msije mkasema niliwaua." Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga shingoni hata chini ya ile aproni ya kijani tuliyompa, na alicheka bila sauti, mabega tu.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Mutua, mtu mfupi kutoka Machakos aliyevaa soksi nzito katika joto lile na hakuwahi kueleza kwa nini. Akikasirika alizungumza Kiingereza. Akistaajabu alirudi kwenye Kiswahili, na ndivyo nilivyojua siku yangu itakuwaje kabla hata sijafika mlangoni. Kazi yetu ilikuwa moja: kujua ni dawa gani bado zinaua vijidudu vya Turkana, na zipi vijidudu vimeshazizoea. Siku hizi jambo hili watu hulisikia redioni, usugu wa dawa, na wote wanatikisa kichwa. Wakati ule ilibidi nilielezee kila mahali, na nilielezea vibaya. Siku ya kwanza Daktari aliniwekea kisahani mbele ya dirisha. Chini yake kulikuwa na ute mgumu, na juu ya ute vijidudu vya kidonda cha mtu vimeota kama ukungu wa rangi ya maziwa. Katikati ya ukungu alikuwa ameweka vikaratasi sita vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya vikaratasi palikuwa na duara safi, pasipo na kitu. Kuzunguka vingine ukungu ulikuwa umesogea mpaka ukagusa karatasi. "Pale pasafi," akaniambia, "dawa imesema na mdudu amesikia. Pale pachafu amesikia na akapuuza." Nilikuwa nimeona picha za kipimo hicho chuoni mara mia. Lakini kukiona kwenye dirisha la Lodwar, na kujua kwamba ule ukungu ulitoka mguuni mwa mtu anayelala mita mia moja kutoka pale, kulinitia hofu na furaha kwa pamoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Tatizo letu kubwa lilikuwa damu. Vijidudu vingi vya binadamu havikubali kuota kwenye ute mtupu. Ni lazima uvichanganyie damu, na ya kondoo ndiyo bora. Damu hiyo ilikuwa ikija kwa basi kutoka Eldoret ndani ya kisanduku cha barafu, na ilipofika Lodwar barafu ilikuwa maji na damu ilikuwa harufu. Mwezi mzima tulikuwa tukifungua kisanduku, tunanusa, tunamwaga. Siku moja Daktari alikuwa akilalamika kwa Kiingereza tangu asubuhi, na Mama Akiru, aliyekuwa akiosha sufuria, akauliza shida ni gani. Nikamwambia hatuna damu ya kondoo. Akageuka akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Lodwar hakuna mchanga. "Nanjala," akasema, "nyinyi wasomi wote mnakaa Turkana, na mnaagiza damu Eldoret?"

Kesho yake alikuja na mdogo wake, Ekal, na kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi. Ekal wakati huo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye fimbo na kigoda kidogo cha mbao ambacho hakuachana nacho. Alimkaza kondoo kamba shingoni mpaka mshipa ukasimama, akachomoa mshale wake mfupi, ule wenye kizuizi karibu na ncha ili usizame. Daktari akaruka. Akampa sindano yetu safi na mpira wake. Ekal akaigeuzageuza, akacheka na dada yake kwa Kiturkana, kisha akamgusa kondoo kwa kidole kimoja na kuingiza sindano mara moja tu. Mimi na cheti changu nilikuwa nikihitaji kuchoma mara tatu kuupata mshipa wa mtoto. Damu ilipojaa chupani, Mama Akiru aliuliza, "Sasa nani anakoroga?" Hatukuelewa. Akaeleza kwamba damu ya kunywa hukorogwa kwa kijiti ikiwa bado na joto, mpaka nyuzi zote zijikusanye kwenye kijiti, na inayobaki haigandi tena. Daktari Mutua akakaa chini. Hilo ndilo hasa vitabu vyake vilitaka lifanywe, kwa shanga za kioo ambazo tulikuwa tumeziagiza na hazijafika. Tulichemsha kijiti cha mgunga ndani ya sufuria ya presha, tukampa, na tukasimama tukimwangalia akikoroga kwa dakika kumi, polepole, akizungumza na mdogo wake habari za harusi fulani ya Lorugum, na kijiti kikitoka chupani kimevishwa utando mweupe kama pamba. "Bibi yangu alinifundisha," akasema. Daktari akasema kwa Kiswahili, "Ajabu gani hii." Visahani vya juma lile vilikuwa vyekundu, safi, na vizuri kuliko vyote nilivyowahi kumimina, na nilijisikia mdogo kwa namna iliyonifaa.

Kondoo yule akawa mtu mashuhuri. Ekal alimchunga nje kidogo ya Kanamkemer akiwa peke yake, mbali na wenzake, na alipopita naye watu walimwita kondoo wa maabara. Hakuchinjwa, hakuuzwa, na kila baada ya wiki tatu alitoa damu chupa moja ya ukubwa wa kikombe, kisha akaenda zake kula. Daktari alikuwa ametuwekea sharti moja tu: mnyama asiwe na dawa mwilini. Dawa ikiwa kwenye damu yake itaingia kwenye visahani, na visahani vitaua vijidudu kabla hatujavisoma. Kazi ya kuhakikisha ilikuwa yangu. Kila mara kabla ya kutoa damu nilimuuliza Ekal, "Kondoo anaumwa?" Na Ekal alijibu, "Hapana. Iko mzima kabisa." Nikaandika daftarini kwamba mnyama ni mzima. Kwa akili yangu ya Kimilili, ambako ng'ombe hudungwa sindano akiugua tu, swali lile lilitosha.

Kakuma tulikwenda kila Jumatatu. Pikapu ya mradi iliondoka alfajiri, na saa nne tulikuwa wodini tukikusanya sampuli, huku vumbi likiwa limetufanya sote wa rangi moja. Jumatatu ninayoikumbuka, muuguzi alinipeleka kwenye kitanda cha mwisho, alikokuwa amelala msichana wa miaka minane, Furaha, mguu wake wa kulia umevimba kuanzia goti hadi kifundo. Mwiba ulimchoma miezi mingi nyuma. Kidonda kilifunga, kikafunguka, kikafunga, na sasa usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Mama yake, Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa ameketi sakafuni akimsuka nywele kwa utulivu mkubwa, mistari iliyonyooka kabisa, kana kwamba wanajiandaa kwenda kanisani. Nilimuuliza ni dawa gani mtoto amekunywa. "Zote," akasema. "Ile ya rangi mbili, nilimupatia sana. Kila duka banauzisha. Akipona kidogo ninawacha, akiugua tena ninarudilia." Nikaandika. Kisha akaniambia kitu ambacho sikumuuliza: "Banasema Ijumaa batamukata muguu. Sista, siye tulitoka kwetu na miguu. Hatukubeba kitu ingine. Miguu njo ilitufikisha." Aliendelea kusuka. Furaha akanitazama na kuuliza kama sindano yangu inauma, nikamwambia leo sina sindano, nina pamba tu. Daktari wa upasuaji alinieleza nje, akiwa amechoka sana, kwamba ametumia kila dawa aliyonayo na hakuna iliyofanya kazi. Sumu ikipanda, mtoto atakufa. "Mkinipa jina la dawa moja kabla ya Ijumaa asubuhi," akasema, "nitafurahi kuliko mtu yeyote. Msiponipa, nakata." Nikamwahidi. Niliahidi kirahisi, kama vijana wanavyoahidi.

Jioni ile ile huko Lodwar nilipaka sampuli zote kwenye visahani vipya vya damu ya Jumamosi. Zilikuwa kumi na moja, pamoja na kisahani cha kumi na mbili cha vijidudu vyetu vya kupimia kama visahani ni vizuri, ambavyo tulivitunza kwenye friji na kuviita Mzee kwa sababu havikuwahi kukataa kuota. Jumanne asubuhi sikuona kitu cha maana. Nikasema nisubiri. Jumatano asubuhi nilifungua kabati, nikavuta gunia pembeni, na visahani kumi na moja vilikuwa vyekundu vitupu. Hata Mzee hakuota. Kisahani kimoja tu, cha Furaha, kilikuwa kimejaa vijidudu vya rangi ya dhahabu, vinene, vyenye afya, vimefika hadi ukingoni. Nilisimama pale nikahisi uso unaniwaka. Nitasema nilichofikiri, kwa sababu ndicho kinachonitoa jasho hadi leo. Sikufikiri kwamba visahani kumi na moja vina kasoro. Nilifikiri kwamba kile kimoja ndicho kichafu. Kwamba nilikigusa kwa mkono, au vumbi la pikapu liliingia, kwa kuwa haiwezekani wote wakae kimya na mmoja aimbe. Na nilimwogopa Daktari na Kiingereza chake. Nikakichukua kisahani cha Furaha nikakiweka kwenye trei ya vitu vya kuchemshwa, pale jikoni kwa Mama Akiru, nikarudi nikaandika kwenye daftari la matokeo, kwa mwandiko mzuri, mara kumi na moja: hakuna kilichoota. Mchana huo nilikusudia kupeleka habari kwamba mguu wa Furaha haukuonyesha kijidudu chochote. Kuanza upya kungechukua siku tatu nyingine, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Kilichouokoa mguu ule ni samaki. Mama Akiru alikuwa na jiko moja tu la gesi, na siku hiyo Ekal alikuwa ameleta samaki wakavu kutoka ziwani, wagumu kama mbao, ambao wanataka kuchemka muda mrefu. Kwa hiyo trei yangu ilisubiri chini ya meza, imefunikwa gazeti, hadi chakula kitoke. Tulikula wanne: Daktari kwenye kiti chake, mimi kwenye debe lililopinduliwa, Mama Akiru mkekani na Ekal kwenye kigoda chake mlangoni. Kaka na dada walikuwa wakizungumza Kiturkana na nilisikia neno daktari likirudiwa, na Ekal akifanya kwa vidole vyake kondoo anayeruka. Mama Akiru mabega yakaanza kucheka. "Anajisifu huyu," akatuambia. "Anasema ile kondoo yenu ilianza kukohoa wiki ile ya mvua. Akasema hii ni ya daktari, haiwezi kukohoa kama kondoo ya mtu wa kawaida. Akaenda mpaka Lorugum, akanunua dawa ile kali ya sindano, akaidunga mara mbili, juu ni ya daktari. Na sasa inaruka kama mbuzi." Ekal alikuwa akitabasamu kwa fahari ya kweli. Nilimuuliza siku gani. "Alhamisi iliyopita," akasema. "Na Jumamosi wewe kuniuliza kama ni mgonjwa. Mimi kusema hapana. Ilikuwa imepona."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo jambo lililonipiga. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiuliza swali ambalo jibu lake sahihi lingeniponza siku yoyote, na siku yenyewe ilikuwa imefika. Nilisimama na samaki mdomoni. Kumbe visahani vyote vilikuwa vimejaa dawa. Mzee alikuwa ameuawa na kondoo. Vijidudu vya wagonjwa kumi vilikuwa vimeuawa na kondoo. Na vile vya Furaha vilikuwa vimeketi ndani ya dawa ile ile, juu ya damu ile ile, vikala, vikanenepa, vikafika ukingoni. Nikapiga magoti nikavuta trei chini ya meza, nikang'oa gazeti. Kisahani kilikuwepo. Mama Akiru akakishika yeye, akaniuliza taratibu, "Kuna nini, Nanjala?" Nikamgeukia Daktari nikamwambia yote: swali langu, daftari, na kwamba nilikuwa nikienda kukichemsha. Nilisubiri Kiingereza. Daktari Mutua alinawa mikono yake, akakausha kila kidole, akakichukua kisahani, akaenda nacho dirishani. "Huyu," akasema kwa Kiswahili, "tumemtandikia sumu akalala juu yake." Kisha akanipitishia kisahani. "Tazama vizuri. Hutaona hivi mara nyingi. Halafu twende kazini, leo ni Jumatano."

Nilitazama. Nimetazama mengi tangu siku hiyo, na mashine zangu za sasa zinaweza kunisomea hata maandishi ya ndani ya kijidudu, lakini sijawahi kurudi kwenye kile nilichohisi pale. Kitu kisicho na macho wala ubongo kilikuwa kimekutana na dawa kwenye mwili wa mtoto, nusu dozi leo, nusu dozi mwezi ujao, kikajifunza. Hakikuwa na chuki na Furaha. Kilikuwa kinaishi tu, kwa bidii kuliko mtu yeyote niliyemjua. Niliogopa na nilikiheshimu, na sioni haya kusema kwamba nilikiona kizuri, rangi ile ya dhahabu kwenye wekundu ule. Mchana huo tulimimina ute mtupu usio na damu, kwa kuwa kipimo cha vikaratasi hakikuihitaji, tukavipaka vijidudu vya Furaha, na Daktari akapanga kila dawa tuliyokuwa nayo kabatini. Vikaratasi vilikuwa kumi na viwili, kwenye visahani viwili. Cha kumi na mbili alikipata nyuma ya boksi, dawa ya zamani sana, ya bei rahisi, ambayo madaktari vijana walikuwa wameiacha kwa sababu kwa mtu mmoja mmoja inaweza kudhuru damu. "Weka na huyu babu," akasema. Mama Akiru hakwenda nyumbani hadi alipoyaloweka magunia mara ya mwisho. Nilimsikia akiviambia vijidudu kitu kwa Kiturkana, na nilipomuuliza akasema amevituma viseme ukweli.

Alhamisi asubuhi sote wanne tulikuwa mlangoni mwa kabati, hata Ekal, ambaye tangu jana hakuwa akinitazama machoni. Daktari alifungua. Karatasi ya kwanza, ukungu umeigusa. Ya pili, umeigusa. Ya tano, ya sita, ya nane. Dawa ambazo tulikuwa tukiziagiza kwa heshima kubwa zilikuwa zimezungukwa kabisa, kama nyumba zilizozungukwa na majani kiangazi kikiisha. Kwenye kisahani cha pili nilianza kuhesabu kwa sauti na nikaacha. Halafu, pembeni kabisa, nikaona duara. Safi, pana, mviringo kamili, na katikati yake karatasi ya yule babu. Mama Akiru hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini alikuwa ameosha visahani vyetu mwaka mzima na alijua anachokiona. Aliweka kidole juu ya kifuniko, palepale. "Hii amesikia," akasema. Daktari akavua miwani.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijashika vizuri Kakuma, kwa hiyo jina la dawa tulilipeleka sisi wenyewe kwa pikapu, mimi nikiwa na karatasi ndani ya sidiria yangu kwa kuwa sikuamini mfuko. Daktari wa upasuaji aliisoma mara mbili. Akauliza kama tuna hakika, na Daktari Mutua akamwambia ukweli wote, pamoja na kondoo, na daktari yule mchovu akacheka hadi akashika ukuta. Dawa ilikuwepo, kwenye rafu ya juu ya stoo yao, chupa zikiwa na vumbi. Mama yake Furaha alisikiliza maelezo yetu akiwa amesimama. "Kwa hiyo Ijumaa?" akauliza. Tukamwambia Ijumaa hatakatwa, atafunguliwa tu mfupa usafishwe, kisha tutasubiri, na kila siku chache watampima damu. Aliinama akashika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili, juu ya ule uvimbe, akaushikilia hivyo tu, na mimi nikatoka nje nikasimama juani kwa sababu sikustahili kuwepo. Ningalikuwa nimeumaliza mguu ule kwa mwandiko mzuri.

Haikuwa muujiza wa siku moja. Homa ilishuka baada ya wiki. Usaha ulikauka baada ya miezi. Furaha alihamishiwa Lodwar, na Mama Akiru akawa anampelekea supu kila mchana, bila kutumwa na mtu, mpaka mtoto akaanza kumwita nyanya na kujua Kiturkana cha matusi madogo madogo. Mimi na Ekal tulipatana jikoni. Nilimwomba msamaha kwa kuuliza vibaya, akaniomba msamaha kwa kumpenda kondoo kupita kiasi, na Daktari akatutungia swali jipya. Kuanzia siku hiyo sikuuliza tena kama kondoo anaumwa. Niliuliza, "Amepewa nini?" Na swali hilo ndilo lililotupa utafiti wenyewe. Tulianza kuliuliza katika kila boma, kuhusu mbuzi, ngamia, watoto na watu wazima, na kupaka pamba kwenye pua za kondoo na mikono ya wachungaji. Tulivikuta vijidudu vya dhahabu vya namna ile ile kwa mnyama na kwa mtu aliyemkamua, vimeizoea dawa ile ile ya sindano. Tulikuwa tumemtafuta mdudu wa hospitali, kumbe hakujua kwamba hospitali ina ukuta. Ekal ndiye aliyetuingiza mabomani. Bila yeye tungeambiwa kila mahali kwamba wanyama ni wazima kabisa.

Jumamosi ya mazishi nilifika Kanamkemer saa nne. Kwaya ya kanisa lake ilikuwa imevaa kijani, rangi ya aproni ile, na sijui kama ni kwa makusudi. Kuna jambo lilikuwa likinikaa moyoni njia nzima: kisahani nilichokuwa nimekishika simu ilipolia kilikuwa kimetoka upande wa Kalobeyei, na pembezoni mwa duara la yule babu, lile duara pana la mwaka ule, kulikuwa na vijidoti vya dhahabu vinavyosogea ndani. Vinajifunza. Nilitamani kumwambia Mama Akiru kuliko mtu mwingine yeyote, na ndipo kifo chake kilipoingia sawasawa kifuani mwangu. Mwanamke mmoja alikuwa akipita kati ya waombolezaji na birika la chai, mnene kidogo, nywele zake zimesukwa mistari iliyonyooka kabisa. Alipokaribia nikaangalia chini bila adabu, kama ninavyofanya kila ninapomwona. Viatu viwili vyeusi, miguu miwili, ule wa kulia ukichelewa kidogo tu. "Bado unaikagua, aunti?" Furaha akasema, akanimiminia chai, tukakumbatiana birika likiwa katikati yetu.

Ekal alitokea nyuma ya nyumba akimvuta kondoo wa kuchinjia wageni, mweupe mwenye kichwa cheusi. Amezeeka; fimbo sasa ni ya kutembelea. Aliponiona alisimama, na nikasubiri aseme "ejok", salamu ya kwao, au pole, au chochote ambacho watu huambiana mbele ya kaburi jipya. Alimshika kondoo shingo, pale mshipa ulipo, akanitazama machoni.

"Huyu," akasema, "hakupewa kitu."